Timu ya upanuzi: nafasi ya kwenye ligi inapouzwa

Kwetu timu huingia Ligi Kuu kwa miguu yake. Inaanzia madaraja ya chini, inashinda, inapanda, ikiboronga, inashuka. Kwenye MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, njia hiyo haipo. Hakuna kupanda wala kushuka. Timu mpya huingia pale tu wamiliki wa timu zilizomo wanapokubali kuongeza nafasi na kumuuzia tajiri wa mji fulani. Timu inayozaliwa hivyo ndiyo timu ya upanuzi.

Itazame bei. Toronto FC, iliyoanza kucheza 2007, ililipa ada ya dola milioni 10. Charlotte ilipokubaliwa mwaka 2019, ada ilishafika milioni 325. San Diego, timu ya 30, ilipata nafasi yake mwaka 2023 kwa dola milioni 500. Hiyo ni ruhusa ya kuingia tu. Mchezaji hajasajiliwa hata mmoja, wala tofali la uwanja halijanunuliwa.

Ada analipa tajiri, sasa mji unaingiaje? Unaingilia kwenye uwanja. Ligi haimpi nafasi mtu asiye na mpango wa uwanja unaoaminika, na inapenda uwe wa soka hasa, karibu na katikati ya mji. Halafu nafasi zenyewe huwa chache. Kufikia mwisho wa Januari 2017, wawekezaji wa miji 12 walikuwa wamepeleka maombi wakigombea nafasi nne. Katika hali hiyo ligi haina haja ya kumbembeleza mtu. Kila meya anajua kwamba akisita, mji wa pili utasogea mbele, na mashabiki wake watamuuliza yeye, hawatamuuliza tajiri.

Njia ya kawaida ya kutoa fedha za umma ni hati fungani. Mji unakopa kwa kuziuza, kisha unalipa deni kwa miaka mingi kutokana na kodi za hoteli, za mauzo au za tiketi. Riba ya hati fungani za miji kwa kawaida haikatwi kodi ya serikali kuu, kwa hiyo mkopeshaji anakubali riba ndogo, na uwanja unakuwa nafuu kuliko kama mmiliki angekopa mwenyewe. Nashville iliidhinisha mwaka 2017 hati fungani za hadi dola milioni 225 kwa uwanja uliokadiriwa milioni 275, na mwezi uliofuata ikapewa timu. Ahadi huwa kwamba uwanja utaleta ajira na biashara. Wachumi wameichunguza ahadi hiyo kwa miongo kadhaa, na wengi wao wanasema fedha hazirudi: familia inayotumia dola 100 uwanjani mara nyingi ingezitumia mgahawani au sinemani mjini humo humo.

St. Louis ndio mji ninaoupenda katika habari hii. Soka pale si jambo la kuletwa. Wachezaji watano wa kikosi cha Marekani kilichoifunga Uingereza kwenye Kombe la Dunia la 1950 walitoka huko. Ila mji ulikuwa na kidonda kibichi. Timu yao ya futiboli ya Kimarekani, mchezo mwingine kabisa na soka, Rams, ilihamia Los Angeles mwaka 2016, na deni la uwanja iliokuwa ikiutumia likabaki likilipwa na umma.

Aprili 4, 2017, wapigakura wakakuta maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza: mwakubali kodi ya mauzo iongezwe, hasa kwa ajili ya usafiri wa reli? Wakakubali. La pili: mwakubali mapato ya kodi nyingine, yatakayopanda kwa sababu ya ongezeko hilo, dola milioni 60, yaende kwenye uwanja wa soka? Asilimia 53 wakakataa. Watu wale wale, siku ile ile. Walijua wanachotaka kugharimia, na naona waliamua kwa busara kubwa.

Wengi waliona ndoto imekufa. Miaka miwili baadaye, Agosti 2019, St. Louis ikapewa timu, safari hii wamiliki wapya wakibeba sehemu kubwa mno ya gharama za uwanja, ingawa bado walipata msamaha wa baadhi ya kodi. Timu ilianza kucheza 2023 na kushinda mechi zake tano za kwanza za ligi.

Upande mwingine wa uhaba huu wa nafasi ni tishio la kuhama. Oktoba 2017 mmiliki wa Columbus Crew, moja ya timu zilizoianzisha ligi mwaka 1996, alisema kama hapatapatikana uwanja mpya katikati ya mji ataipeleka timu Austin. Mashabiki wakaandamana, wakakusanya ahadi za kununua tiketi za msimu, na jimbo lao la Ohio likafungua kesi kwa sheria yake inayozuia timu zilizonufaika na fedha za umma kuhama hivi hivi. Wakapatikana wanunuzi wapya na timu ikabaki. Mmiliki wa zamani alipewa timu ya upanuzi huko Austin. Na Columbus ikafungua uwanja mpya Julai 2021, sehemu ya gharama zake ikitoka kwa walipakodi.