Mngurumo si nguvu
Vijana wengi Arusha hung'oa boksi la eakilina (kichujio cha hewa iingiayo kwenye injini) kwenye Toyota Starlet kuukuu, wakaweka bomba la kujitengenezea na filta ya wazi, wakiamini gari limeongezeka nguvu. Kilichoongezeka ni mlio. Boksi la kiwandani kwa kawaida huvuta hewa ya nje. Filta ya wazi huvuta joto la chini ya boneti. Hewa ya nyuzi 60 ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko ya nyuzi 25, hivyo injini hupungukiwa nguvu, na mji wetu, kwenye mita 1,400 hivi, tayari una hewa nyepesi! Ukiamua kutengeneza, elekeza mdomo wa bomba mbele penye ubaridi, juu vya kutosha lisivute maji ya madimbwi, na ziba kila kiungio, maana vumbi hula silinda.