Maine: ukosefu wa ajira ukishuka, uliza kwanza nani ameacha kutafuta kazi

Takwimu za ajira za jimbo la Maine hutoka kila mwezi, kwa kawaida wiki mbili hivi baada ya zile za taifa zima la Marekani. Redio na magazeti huchukua namba moja tu, kiwango cha ukosefu wa ajira, na mjadala unaishia hapo. Tangu mwishoni mwa 2021 kiwango hicho kimekuwa chini ya asilimia 4 mwezi baada ya mwezi. Ni hali njema, hilo halina ubishi. Lakini ndugu zetu wa Portland na Lewiston, miji ya Maine, wengi wao kutoka Kongo, huisikia namba hiyo na kuuliza: mbona kwetu watu wamekaa tu? Swali lao ni la haki, na jibu lake limo ndani ya takwimu zenyewe, ukizisoma zote.

Wengi wanadhani serikali huhesabu watu wanaopokea mafao ya ukosefu wa ajira. Sivyo. Kila mwezi Ofisi ya Sensa huzifikia kaya zipatazo 60,000 nchini kote na kuuliza kuhusu wiki moja tu, ile yenye tarehe 12. Ukifanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki hiyo, wewe umeajiriwa. Kama hukufanya kazi, ungeweza kuianza, na katika wiki nne zilizopita uliitafuta kwa vitendo (uliomba nafasi, ulipeleka maelezo yako, ulikwenda kuonana na mwajiri), basi huna ajira. Makundi hayo mawili kwa pamoja ndiyo nguvukazi. Aliyebaki nje ya hayo, akiwa na miaka 16 au zaidi, yuko nje ya nguvukazi, na hesabu ya ukosefu wa ajira haimgusi.

Chukua nyumba moja ya mfano mjini Lewiston, yenye watu wazima watano. Mama anahudumia wazee usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na wikiendi anafua mashuka hotelini. Baba anaendesha teksi yake mwenyewe. Shangazi alipunguzwa kazini na amepeleka maombi sehemu mbili mwezi huu. Binti wa miaka 19 yuko chuoni na hatafuti kazi. Mpwa amefika kutoka Goma, ameomba hifadhi, anasubiri kibali cha kazi.

Nguvukazi ya nyumba hiyo ni watu watatu: mama, baba na shangazi. Asiye na ajira ni mmoja, kwa hiyo kiwango ni asilimia 33. Sasa shangazi akate tamaa, wiki nne zipite bila kuomba popote. Nguvukazi inabaki watu wawili, wote wana kazi, na kiwango cha ukosefu wa ajira kinakuwa sifuri. Hakuna aliyeajiriwa hapo. Tena igeuze: shangazi anaendelea kutafuta, na mpwa anapata kibali asubuhi, jioni anaanza kuomba kazi. Watu wanne wako kwenye nguvukazi, wawili hawana ajira, kiwango kimeruka hadi asilimia 50. Ukisoma namba hiyo peke yake utadhani nyumba imeingia kwenye balaa, kumbe imepata mtu mwingine aliye tayari kufanya kazi.

Ndiyo maana mimi huanza na kiwango cha ushiriki, yaani sehemu ya watu wote wa miaka 16 na kuendelea walio kwenye nguvukazi. Kwa Maine huzunguka asilimia 60, chini ya wastani wa taifa. Sababu kubwa ni umri. Hili ndilo jimbo lenye umri wa kati (ule ambao nusu ya watu wako juu yake na nusu chini yake) mkubwa kuliko yote Marekani, karibu miaka 45, na kwa miaka mingi sasa vifo vimezidi vizazi. Anayestaafu anatoka kwenye hesabu kimya kimya, na kiti chake kinaweza kubaki wazi miezi. Kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira cha Maine kinatokana kwa sehemu na uhaba huo wa watu.

Jimbo linakua kwa sababu ya wanaohamia. Mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa wiki chache tu wakalazwa katika ukumbi wa michezo wa Expo. Kwa sheria iliyotumika kwa miaka mingi, mwomba hifadhi huruhusiwa kuomba kibali cha kazi siku 150 baada ya kuwasilisha ombi lake, na kibali hakitoki kabla ya siku 180. Wanasiasa wa Maine wa vyama vyote viwili, Seneta Susan Collins na mbunge Chellie Pingree miongoni mwao, wamepeleka Washington miswada ya kufupisha muda huo hadi siku 30. Kwa maoni yangu hakuna hatua nyepesi kuliko hiyo ya kuongeza nguvukazi ya jimbo. Watu wenyewe tayari wapo mjini, wengine wana ujuzi wa hospitali na ujenzi, na miezi yao inapotea.

Namba ya pili kubwa ni idadi ya ajira, na hii hutoka kwa waajiri, si kwa kaya. Hapa mama wa nyumba yetu anahesabiwa mara mbili, kwa sababu yumo kwenye orodha mbili za mishahara. Baba na teksi yake hahesabiwi kabisa, wala mvuvi wa kambakoche anayemiliki mashua yake, wala mchuma matunda wa Kaunti ya Washington mwezi Agosti. Hesabu hii hufuata mahali kazi ilipo: mkazi wa New Hampshire anayevuka mto kwenda kwenye karakana ya meli za jeshi Kittery huongeza ajira za Maine, ilhali kwenye utafiti wa kaya ni mtu wa New Hampshire. Msishangae basi namba hizi mbili zikipingana mwezi mmoja.

Kuhusu msimu, mji wa watalii wa Bar Harbor wa Julai na wa Februari ni miji miwili tofauti, kwa hiyo namba zinazotangazwa huwa zimesharekebishwa kuondoa mabadiliko hayo ya kila mwaka. Vilevile Maine ni jimbo dogo. Kaya zinazohojiwa hapa ni chache, na makadirio yanaweza kuwa juu au chini ya hali halisi kwa zaidi ya nusu pointi ya asilimia. Kupanda kutoka 3.3 hadi 3.4 si habari. Tazama mwelekeo wa miezi mitatu au zaidi, na kumbuka kwamba mwanzoni mwa kila mwaka takwimu za nyuma husahihishwa.

Haya yote yanategemea watu kukubali kuhojiwa. Miaka ya mwanzo ya 2010 karibu asilimia 90 ya kaya zilijibu; siku hizi ni chini ya 70. Oktoba 2025, serikali ya shirikisho ilipofungwa, mahojiano hayakufanyika kabisa, na mwezi huo hauna kiwango cha taifa.

Kaya ikichaguliwa huhojiwa miezi minne, hupumzishwa minane, kisha huhojiwa minne tena. Mara ya kwanza mhojaji huja nyumbani, baadaye mara nyingi hupiga simu. Huuliza ulizaliwa wapi na kama wewe ni raia, lakini haulizwi mtu kibali wala hati zake. Sheria inamkataza kutoa majibu yako kwa idara ya uhamiaji, polisi au mwenye nyumba, na akivunja anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Anabeba kitambulisho chenye picha. Mwombe akuonyeshe kabla hujafungua mlango.