Msongo wa Joto kwa Ng'ombe wa Maziwa: Maswali na Majibu Kuhusu Kuupima na Kuutabiri

Nitajuaje ng'ombe ameelemewa na joto kabla maziwa hayajapungua?

Hesabu pumzi. Simama pembeni, hatua chache kutoka kwake ili asishtuke, kisha tazama ubavu nyuma ya mbavu ya mwisho. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Zikizidi 60 kwa dakika, joto limeanza kumshinda; zikifika 80 mzigo ni mkubwa; zikipita 120, mdomo wazi, ulimi nje na udenda ukichuruzika, hiyo ni dharura. Usihesabu mara tu baada ya ng'ombe kutembezwa. Na ukiona anayetweta mdomo wazi amepunguza kasi ghafla na kuhema kwa kina, usidhani amepata nafuu: huenda amechoka.

Kundi likiwa kubwa, chagua kama kumi, ukianza na wanaotoa maziwa mengi. Hao hula sana, na kumeng'enya chakula na kutengeneza maziwa huzalisha joto jingi mwilini, kwa hiyo huelemewa mapema kuliko wenzao. Ndoo ya maziwa ni kipimo cha kuchelewa: upungufu hujitokeza siku moja au mbili baada ya joto lenyewe.

Kipimajoto cha njia ya haja kubwa kina faida gani zaidi?

Kinathibitisha. Joto la kawaida la ng'ombe mzima ni karibu nyuzi 38.5 za Selsiasi. Likivuka 39.2 mwili umeshindwa kulimudu, na kuanzia 40 hali ni mbaya. Paka kilainishi, ingiza ncha iguse ukuta wa utumbo, subiri kipimajoto kitoe ishara. Kosa la kawaida ni ncha kuzama kwenye kinyesi, au kupima asubuhi tu. Joto la mwili hufika kileleni saa kadhaa baada ya joto la hewa, mara nyingi jioni, kwa hiyo pima wakati huo pia. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye ngozi kwa mbali hudanganywa na manyoya, tope, maji na jua.

Itakuwaje kama ni homa?

Angalia wenzake. Joto la hewa hupandisha pumzi za wengi kwa pamoja. Homa humtenga mmoja au wachache, na haishuki alfajiri kunapopoa. Mwenye joto la juu asubuhi yenye ubaridi achunguzwe na daktari wa mifugo. Dawa ya kushusha homa haimsaidii aliyeelemewa na joto la hewa, kwani kinachotakiwa ni kuliondoa joto mwilini.

Fahirisi ya joto na unyevu hukokotolewaje?

Fahirisi hii ni namba moja inayounganisha joto na unyevu wa hewa, kuonyesha mzigo anaoubeba ng'ombe. Unahitaji joto la hewa kwa Selsiasi (J) na unyevu wa hewa kwa asilimia (U):

Fahirisi = (1.8 × J + 32) − (0.55 − 0.0055 × U) × (1.8 × J − 26)

Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60, ni 86 − (0.22 × 28), yaani karibu 80. Kwa nyuzi hizohizo na unyevu wa asilimia 30, ni karibu 75. Tofauti hiyo inatokana na jasho na pumzi kushindwa kukauka katika hewa yenye unyevu. Zamani kikomo, yaani namba ambayo ikivukwa ng'ombe huanza kuelemewa, kilikuwa 72. Kwa ng'ombe wa leo wenye maziwa mengi, 68 ndiyo inayofaa. Nyuzi 22 tu zenye unyevu wa asilimia 50 zinakufikisha hapo, hali ambayo mtu mwenyewe huiona ya kupendeza.

Mbona fahirisi inasema salama na ng'ombe wanatweta?

Fahirisi haihesabu jua wala upepo. Aliye juani hupokea joto ambalo hesabu hii hailioni, na banda lisilopitisha hewa huwa na joto na unyevu kuliko nje. Weka kifaa cha kupima joto na unyevu ndani ya banda, kimo cha ng'ombe, kivulini, mbali na bati na maji ya kunyunyizia. Pumzi na fahirisi zikipingana, ziamini pumzi.

Nitabirije siku zijazo?

Chukua utabiri wa hali ya hewa wa saa kwa saa, ukokotoe fahirisi ya kila saa. Usichanganye joto la mchana na unyevu wa asubuhi: nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 85 wa alfajiri hukupa 87, ilhali mchana huohuo unyevu ukishuka hadi 45, jibu la kweli ni 80. Kisha kwa kila saa iliyozidi 68, andika ziada yake na ujumlishe. Jumla hiyo hueleza siku vizuri kuliko kilele chake.

Tazama sana usiku. Fahirisi isiposhuka chini ya 68 kabla ya mapambazuko, ng'ombe huanza siku na joto la jana mwilini, na siku ya tatu ya hali hiyo huwa mbaya kuliko ya kwanza. Joto la kwanza la msimu nalo ni hatari, kwani mwili huhitaji wiki kadhaa kuzoea.

Utabiri ukiwa mbaya, nini kitangulie?

Kivuli na maji safi ya kutosha, hasa wanapotoka kukamuliwa. Hamishia sehemu kubwa ya chakula jioni na alfajiri. Ukinyunyizia maji, lowesha hadi kwenye ngozi kwa dakika moja hadi tatu, kisha acha feni ikaushe kabla ya kurudia; ukungu mwepesi unaoishia juu ya manyoya bila upepo huzuia joto kutoka. Usiwasahau ng'ombe walioachishwa kukamuliwa wakisubiri kuzaa: joto la wiki hizo hupunguza maziwa ya uzao ujao na kumdhoofisha ndama.