Ukiniuliza mji gani ni endelevu, nami nitakuuliza umechora mpaka wapi

Kila nikisema nafanya utafiti wa miji swali ni lile lile, haya tuambie mji gani duniani ndo endelevu zaidi, na mtu anategemea nitaje jina tu tumalize. Jibu linategemea mpaka umeuchora wapi. Mji ukifunga viwanda vyake ukaanza kuagiza saruji na chuma kutoka mkoa mwingine, hewa yake inasafika na ripoti inapendeza, ila moshi haujaisha, umehama tu, na anayeuvuta sasa hivi hayumo kwenye hesabu.

Ndo maana wengi kwenye hii fani tunaanza na umetaboli wa mji, yaani unahesabu vinavyoingia na vinavyotoka kana kwamba mji ni mwili. Abel Wolman, mhandisi wa maji Mmarekani, mwaka 1965 alichukua mji wa kufikirika wenye watu milioni 1 akapiga hesabu ya siku moja: maji tani 625,000, chakula tani 2,000, fueli tani 9,500, halafu upande wa pili majitaka tani 500,000 na taka ngumu tani 2,000. Ona maji yanavyofunika vingine vyote! Kwa uzito mji ni mashine ya kupitisha maji, hayo mengine ni nyongeza.

Baadaye ikaja nyayo ya ikolojia, yaani unageuza matumizi yote kuwa ukubwa wa ardhi inayohitajika kuyazalisha na kunyonya moshi wake. Utafiti wa London wa mwaka 2002 ulikuta mji unahitaji eneo mara 293 ya ukubwa wake. Namba kali, inafaa sana kwa mabango, ila mimi binafsi siipendi kivile, kwa sababu inakwambia kiasi gani bila kukwambia wapi, na sehemu kubwa ya hiyo ardhi ni msitu wa kwenye makaratasi wa kunyonya kaboni. Huwezi kwenda kuongea na mkulima wa kwenye makaratasi.

Kinachonivutia zaidi ni nitrojeni, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji ikue. Inatoka shambani ndani ya chakula, inaingia mjini, tunaila, inaishia chooni, halafu siku hizi inaenda mtoni au baharini au mtambo wa majitaka unairudisha hewani, huku shamba likisubiri mbolea ya kiwandani iliyotengenezwa kwa gesi. Njia moja, hakuna kurudi. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Watafiti wa historia ya Paris wameonyesha kwamba kufika mwaka 1913 karibu asilimia 40 ya nitrojeni ya chakula cha mji ilikuwa inarudi mashambani, kinyesi kilikaushwa kikauzwa kama mbolea na majitaka yalimwagilia mashamba ya mboga kama yale ya Gennevilliers, nje kidogo ya Paris. Kilichoua ule mzunguko ni mbolea ya viwandani kuwa rahisi na mji kutapakaa juu ya mashamba yenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia kutenganisha mkojo kwenye majengo mapya, ili nitrojeni yake irudi shambani, ni wazo la ajabu huwa nacheka kidogo.

Sasa hapo ndo ishu ya mpaka inarudi. OECD, ile jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, na Umoja wa Ulaya wana kipimo cha mji na eneo lake, wilaya inahesabika kama angalau asilimia 15 ya wafanyakazi wake wanaenda kazini mjini. Ni kizuri kwa mambo ya usafiri na nyumba, ila kinashika watu tu, hakishiki maji wala nitrojeni.

New York walilazimika kuchora mpaka mwingine kabisa. Maji yao mengi yanatoka mabonde ya Catskill na Delaware, mengine umbali wa kilomita 200 hivi, na miaka ya 1990 walikuwa na machaguo mawili, kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola au kutunza mabonde yenyewe. Mwaka 1997 wakasaini makubaliano na serikali za vijiji vya huko juu: mji unalipia mashimo ya vyoo yakarabatiwe, wakulima wanasaidiwa kuhifadhi samadi na kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye vijito, na ardhi inanunuliwa kwa anayetaka kuuza tu. Wengi wakisimulia wanaishia hapo na inakuwa hadithi tamu. Wanasahau kwamba huko juu kulikuwa na vijiji vilivyohamishwa kupisha mabwawa miongo mingi kabla, watu walikuja mezani na hasira zao, na haki kabisa.

Kuna kipengele wengi wanakiruka: mji unaendelea kulipa kodi ya ardhi iliyonunua kule. Ndo cha kwanza ninachotafuta nikishika mkataba wowote wa mji na vijiji vinavyoupa maji, kwa sababu shamba likigeuzwa msitu halmashauri ya pale inapoteza mapato ya shule na barabara, na nikikuta ukurasa huo haupo naanza kuuliza nani alikuwa chumbani wakati wanaandika.