Baba wa Visiwani: Yanayosemwa na Yaliyopo

Barazani kwetu Zanzibar, mazungumzo ya kina baba wa siku hizi hayakawii kugeuka lawama: vijana wamelegea, wake wamewapanda kichwani, malezi yameharibika. Vijana ninaozungumza nao hawapingani na wazee wao kama inavyodhaniwa. Wanataka baba anayetoa matumizi na anayekaa na wanawe pia.

"Baba kumwogesha mtoto ni mambo ya Kizungu"

Hii ndiyo dhana inayowauma zaidi, maana inawavua dini na uenyeji kwa mpigo mmoja. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari, haikuja na simu wala televisheni.

Tena tuangalie mazoea yetu wenyewe. Huku, kwenda sokoni ni kazi ya wanaume tangu zamani; baba ndiye anayerudi na mtungo wa samaki, na anajua nani nyumbani hali pweza na nani ana homa. Mvuvi anayefuma dema, mtego wa samaki wa fito, humkalisha mwanawe mbele yake, akamshika vidole na kumwonesha kila ufito unapopita, na mtoto akikosea hufumua wakaanza upya. Subira hiyo haijawahi kuitwa ulegevu. Lakini baba huyohuyo akionekana kliniki amempakata mtoto anayesubiri kupimwa uzito, utasikia kalishwa limbwata. Maneno hayo yanawarudisha nyuma vijana wengi waliokuwa tayari.

"Mvuvi wa dago ni baba wa jina tu"

Wavuvi wa visiwa vya Kojani na Tumbatu huenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, hasa msimu wa kaskazi bahari inapotulia, wakafika Tanga, Mafia, hata pwani ya Kenya, na wengine hukaa huko miezi. Watoto wao hawakuachwa ukiwa. Babu alikuwepo, baba mdogo na mjomba pia, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumuuliza mtoto katoka wapi.

Kilichobadilika ni kwamba ndugu hao nao sasa wametawanyika, mmoja mjini, mwingine Dar es Salaam, mwingine Oman. Siku hizi mama naye huenda akawa Maskati anafanya kazi za ndani, baba na bibi wakabaki na watoto. Ndiyo maana vijana husema dago la baba linaumiza kuliko zamani. Kupiga simu kila usiku kunasaidia, na baba anayeuliza habari za skuli hata akiwa kambini anakumbukwa na wanawe. Kwa hiyo si haki kumhukumu mvuvi kwa umbali wake peke yake.

"Mke akipata pesa za mwani, baba kapumzika"

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Pesa hizo zimesomesha watoto. Lakini kwa sheria ya dini nafaka, yaani matumizi ya mke na nyumba, ni wajibu wa mume hata kama mke ni tajiri. Anachotoa mke ni hisani yake. Hapa wasichana wako wazi kuliko wavulana: wamewaona mama zao wakishinda majini kufunga mwani huku baba akipunguza matumizi kimyakimya. Nami naona wana haki kulisema hadharani.

"Talaka ikitoka, baba kamaliza"

Hakumaliza. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyesha mwanawe, na mwenye kudai haki hiyo ana mahakama ya kadhi.

"Arobaini si mahali pa mwanamme"

Mke akijifungua, hasa mtoto wa kwanza, mara nyingi huwa kwa mama yake siku arobaini. Baba huja kama mgeni, akaketi ukumbini, akaondoka. Vijana hawataki desturi hiyo ife, kwa sababu mzazi hupata mapumziko na matunzo ya mama yake. Wanaomba tu waruhusiwe kuingia: baba aliyemwadhinia mtoto sikioni siku ya kwanza anaweza pia kumbeba usiku anapolia, ili mama na bibi walale.