Je, wajua kwa nini skrini hubaki nyeusi ukibadilisha chanzo kwenye swichi ya HDMI?

King'amuzi na kompyuta zimeingia kwenye swichi moja ya HDMI, na swichi imeingia kwenye televisheni. Unabonyeza kitufe uhamie kompyuta, skrini inakuwa nyeusi na kubaki hivyo. Ukichomoa kebo na kuichomeka tena, picha hiyo! Wengi hapo hulaumu kebo, wananunua nyingine ya bei kubwa, na tatizo linabaki palepale.

Dalili yenyewe inaitetea kebo. Kebo mbovu hutoa vidoadoa vinavyometameta, au hukata picha katikati ya kipindi hata kama hakuna aliyegusa swichi. Picha inayorudi kwa kuchomoa na kuchomeka kebo ileile inaonyesha kwamba nyaya zinapitisha vizuri, ila vifaa viwili havijatambuana.

Kosa hili tumelirithi kutoka kwa visanduku vya AV vya zamani, vya plagi nyekundu, nyeupe na njano. Huko ishara ilikwenda upande mmoja tu. Deki ilitoa picha bila kujua kama mbele yake kuna televisheni au hakuna kitu, kwa hiyo swichi haikuwa na kazi zaidi ya kugusanisha shaba na shaba. HDMI, iliyotoka Desemba 2002, haifanyi kazi hivyo. Plagi yake ina pini 19. Kumi na mbili zinabeba picha na sauti kwa kasi kubwa, na mbunifu wa saketi huzihangaikia kwa haki, maana kila jozi inataka omu 100 kuanzia mwanzo hadi mwisho wa bodi. Lakini swichi inapokwama wakati wa kuhama, mara nyingi chanzo ni zile za polepole: pini 15 na 16 za mazungumzo (15 hupiga mapigo ya mwendo, 16 hubeba data), pini 18 ya volti 5, na pini 19, iitwayo HPD, inayojulisha kwamba kifaa kimechomekwa.

Pini 18 na 19 zinafanya kazi kama hodi na karibu. Kompyuta inapeleka volti 5 kwenye pini 18: hodi. Televisheni inarudisha volti kwenye pini 19 kupitia rizista ya omu 1,000: karibu. Baada ya kukaribishwa ndipo kompyuta inaingia na kusoma EDID, yaani maelezo ya televisheni: baiti 128 za msingi, na kwa kawaida 128 nyingine za nyongeza. Kwa kasi ya juu inayoruhusiwa, kilohezi 100, baiti hizo 256 huchukua angalau milisekunde 23. Kisha kompyuta inachagua ukubwa wa picha, na kama maudhui yanalindwa, inapatana na televisheni kuhusu HDCP, yaani kinga dhidi ya kunakili.

Aliyekwisha kukaribishwa hapigi hodi tena. Swichi ikihamisha nyaya huku pini 19 ikibaki juu, yaani ikiwa bado na volti, kompyuta haina sababu ya kusoma upya chochote. Inaendelea na mapatano ya zamani ambayo televisheni haiyajui. Kinyume chake ni kibaya vilevile: karibu ikitolewa kabla mlango haujafunguliwa, yaani pini 19 ikipanda kabla ya pini 15 na 16 kuunganishwa, kompyuta inasoma patupu, na huenda ikaangukia picha ya 640 kwa 480 au isitoe picha kabisa.

Kwa hiyo saketi nzuri hufuata mpangilio. Kwanza inashusha pini 19 ya ingizo linaloachwa. Inasubiri pini 15 na 16 zitulie juu, ndipo inazikata, na inazima njia za kasi. Inakata kwanza, inaunganisha baadaye. Ingizo mbili zisigusane hata kidogo. Kisha inaunganisha mazungumzo ya chanzo kipya, na mwisho kabisa inapandisha pini 19 yake, ambayo lazima iwe imekaa chini kwa angalau milisekunde 100. Kuiacha chini kwa 300 hadi 500 ni salama zaidi, na mtazamaji hatasikia uzito wowote.

Ile hatua ya kusubiri utulivu huachwa mara nyingi, na madhara yake ni ya ajabu. Usomaji ukikatwa katikati, chipu ya EDID ndani ya televisheni inaweza kubaki imeshikilia pini 16 chini, ikingoja mapigo ya pini 15 ambayo hayatakuja. Chanzo kipya kinakuta laini imekufa. Dawa yake ni mikrokontrola ya swichi, yaani chipu inayoiendesha, kutuma hadi mapigo 9 kwenye pini 15 mpaka laini iachiwe, kisha alama ya kusimama.

Kuna pia suala la umeme. Chanzo kinadaiwa miliampea 55 tu kwenye pini 18, na televisheni iliyozimwa inaruhusiwa kuvuta hadi 50. Swichi isiyo na adapta yake ya umeme inaweza kubakiwa na miliampea 5! Na kila ingizo liwe na dayodi yake, inayopitisha umeme upande mmoja tu, la sivyo kifaa kilichowashwa kitasukuma umeme ndani ya kilichozimwa.

Swichi nyingine huhifadhi nakala ya EDID, kwa mfano kwenye chipu ya 24C02 yenye baiti 256, na kuiacha pini 19 juu daima. Kwa kompyuta ni raha, maana haioni televisheni ikiondoka, na madirisha ya programu hayahamihami. Hata hivyo, HDCP lazima ipatanwe upya. Na picha ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, ikitumwa kwa rangi kamili, huvurugwa makusudi kabla ya kutumwa, na kompyuta huiambia televisheni ijiandae kuipanga upya. Televisheni hufuta agizo hilo ikikatwa. Swichi ikiificha kompyuta kukatwa huko, agizo halirudiwi: 1080p inaonekana vizuri, 4K inakuwa nyeusi, na kebo inalaumiwa tena. Kwa kasi hiyo kebo inaweza kuwa na hatia kweli, ila si kama picha inatulia saa nzima baada ya kuichomeka upya.

Kwa kupima, multimita itaonyesha kama pini 19 inavuka volti 2, lakini mshuko wa milisekunde 100 unahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka. Weka probu moja pini 19 na nyingine pini 16. Inayotakiwa ni 19 kushuka, 16 kutulia juu, 19 kupanda, kisha mapigo ya usomaji. 19 ikipanda bila kushuka kwanza kwa muda wa kutosha, rekebisha programu ya mikrokontrola. 19 ikipanda na 16 ikabaki chini, laini imekwama na inadai yale mapigo 9.