Nusu ya matawi yamehama, nusu bado: mzigo ulio njiani unaandikwa wapi?

Lori limepakia mifuko 600 ya saruji Dar es Salaam, linakwenda Dodoma. Dar bado wako kwenye mfumo wa zamani wa stoo na uhasibu. Dodoma wamehamia mpya tangu Jumatatu. Mzigo ukiwa barabarani, uko kwenye vitabu vya nani? Kampuni ikiwasha tawi la kwanza kabla ya kulijibu swali hili, jibu litakuja kutafutwa mwisho wa mwezi, wakati kila mtu amechoka na hakuna anayekumbuka lori lipi lilikuwa lipi.

Kampuni yenye matawi 40 haihamii mfumo mpya wa stoo na uhasibu kwa usiku mmoja, na hilo ni sawa kabisa. Lakini kwenda kwa awamu hakuondoi hatari, kunaihamisha tu. Inatoka ndani ya tawi inakwenda mpakani, pale waliohama wanapofanya biashara na wasiohama. Na mpaka huo utakaa miezi mingi, pengine mwaka mzima.

Tuanze na lori. Katika kila mfumo fungua stoo ya kwenye karatasi tu, uiite Njiani. Dar hawautoi mzigo kwenda Dodoma, kwa sababu Dodoma ya mfumo wa zamani imeshafungwa. Wanautoa kwenda Njiani. Dodoma wanapokea kutoka Njiani ya mfumo mpya, na wanaandika namba ileile ya hati iliyotoka na lori. Njiani ya zamani inabaki na 600, Njiani mpya inaingia hasi 600. Zijumlishe: unapata sifuri, maana mzigo umefika. Kabla haujafika ungepata 600, ambayo ndiyo idadi iliyo barabarani. Mifumo mingi hukataa stoo kuwa hasi, kwa hiyo ruhusu hasi kwenye Njiani peke yake, kwingine kote iendelee kukatazwa.

Sasa Dodoma wamehesabu mifuko 597, mitatu imepasuka. Wapokee 597, siyo 600 "ili hesabu zikae sawa". Ile mitatu inabaki Njiani ikionekana, mpaka mwenye mamlaka aifute kwa hati iliyosainiwa na dereva na mpokeaji. Amueni mapema hasara hiyo ni ya tawi lililotuma au lililopokea, la sivyo mameneja wawili watarushiana mpira wiki nzima kwa mifuko mitatu. Angalieni na vipimo: kama mfumo wa zamani unahesabu mifuko na mpya umewekwa tani, karani akizoea kuandika 600 atakuwa amepokea tani 600 badala ya 30. Zuieni hilo kwa kufunga kipimo kwenye bidhaa yenyewe, msitegemee kumbukumbu ya mtu. Mhasibu mmoja, anayejulikana kwa jina, alinganishe stoo hizo mbili kila jioni. Zikiachwa wiki mbili hazilinganishiki tena.

Mpaka wa pili haupigiwi kelele lakini unauma zaidi: mkopo wa wateja. Mteja ana kikomo cha shilingi milioni 20 na ananunua matawi mawili. Tawi moja likihama, kikomo chake kinanakiliwa kwenye mfumo mpya, na hakuna mfumo unaoona deni lililo kwa mwenzake. Bila mtu yeyote kukosea, amepewa nafasi ya kukopa milioni 40. Dawa ni kugawa kikomo, mathalani 12 huku na 8 kule, au kumfunga mteja kwenye tawi moja mpaka yote yahame. Idara ya mauzo haitapenda. Mwacheni mkurugenzi wa fedha atoe uamuzi huo kwa maandishi.

Kwa wazabuni tatizo ni kinyume chake, ankara moja kulipwa mara mbili. Weka tarehe ya kukata: ankara zote zenye tarehe ya kabla ya hapo zinalipwa kwenye mfumo wa zamani, hata zikichelewa kufika. Mfumo mpya ukatae ankara ambayo TIN ya mzabuni na namba ya ankara vimeshaingia. Namba za hati za mifumo miwili nazo zisifanane. Herufi moja ya kutangulia inatosha.

Kuhusu tarehe ya kuhama, tarehe 1 ya mwezi ndiyo salama kwa Tanzania. Ukihama katikati, ritani ya VAT ya mwezi huo, inayotakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, italazimika kuunganishwa kutoka sehemu mbili, na risiti za kielektroniki za kodi (VFD) za tawi moja zitakuwa zimetoka mifumo miwili. Kwa anayefunga mwaka Desemba, aikwepe Desemba na Januari. Tawi la Mbeya linalouza mbolea lisiguswe mvua zinapokaribia, hata kama ratiba ya makao makuu inapendeza vipi.

Tawi la majaribio lisiwe dogo kuliko yote. Dogo linauza taslimu tu na litafaulu bila kukufundisha chochote. Tafuta la kati lenye kila kitu: taslimu, mkopo, mizigo ya kuingia na kutoka, bidhaa zinazorudishwa. Katika awamu ya pili liwemo lenye intaneti mbovu. Kwa jumla, kwa matawi 40, mimi hupendelea mwendo wa 1, 3, 6, kisha 10 mara tatu. Kinachoamua ukubwa wa awamu ni idadi ya watu wa msaada. Kila tawi linahitaji wawili wa kukaa nalo wiki mbili za kwanza: mmoja wa timu ya mradi, na mmoja karani aliyeazimwa kutoka tawi lililokwisha kuhama. Yule karani ndiye ataulizwa maswali, kwa sababu anajua kazi ya kaunta.

Kati ya awamu na awamu lazima ipite angalau mwezi mmoja uliofungwa kihasibu, miwili ikiwezekana. Serikali ya Kanada ilipoanzisha mfumo wa mishahara wa Phoenix mwaka 2016, iliwasha awamu ya kwanza Februari na ya pili Aprili, kama wiki nane tu baadaye, na ile idara moja iliyopangwa kujaribiwa kwanza ilikuwa imefutwa kwenye mpango. Wafanyakazi wengi walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa. Kwa jina zilikuwa awamu. Makosa ya mishahara hujitokeza kwenye saa za ziada, kukaimu na likizo, na hayo huchukua miezi kuonekana.

Vigezo vyangu vya kuruhusu awamu inayofuata ni vichache: mwezi umefungwa ndani ya siku tano za kazi, bidhaa 50 zilizochaguliwa bila mpangilio zimehesabiwa na isiyolingana haizidi moja, Njiani haina kitu cha zaidi ya siku saba, na hakuna anayeendesha Excel yake ya pembeni. Hicho cha mwisho ndicho kinachosema ukweli. Mtunza stoo mwenye daftari lake chini ya meza anakuambia mfumo unamnyima kitu. Muulize nini, usimnyang'anye.

Kuendesha mifumo miwili sambamba ndani ya tawi moja sikubaliani nako, isipokuwa kwa mishahara. Karani anayeingiza kila mauzo mara mbili huchoka kufikia siku ya nne, anaanza kuingiza ya pili jioni kwa mkupuo, na ulinganisho unakosa maana. Mishahara ni mara moja kwa mwezi, mtu kwa mtu. Miezi miwili sambamba inalipa.

Data: hamisha salio na hati zilizo wazi tu, yaani ambazo hazijakamilika, historia ibaki ilipo. Safisha kwanza, maana "Saruji 42.5", "SIMENTI 42.5" na "Cement 50kg" ni bidhaa moja yenye salio mara tatu. Fanyeni mazoezi ya kupakia data mara tatu mkiwa na saa mkononi. Wekeni pia saa ya mwisho ya kurudi kwenye mfumo wa zamani, tuseme Jumapili saa nane mchana. Risiti ya kwanza ikishatoka, hakuna kurudi, mnarekebisha mkisonga mbele.

Mafunzo yawe wiki ileile, kwa hati halisi za jana. Na kila meneja awekewe kaimu kwenye mfumo kabla ya kuwasha. Asipokuwa naye, siku akisafiri ataacha nywila yake kwa karani, na udhibiti wote wa malipo umeisha.

Tawi la 40 likishahama na stoo mbili za Njiani zikasoma sifuri, mfumo wa zamani ugeuzwe wa kusoma tu. Usizime seva na kubaki na faili la akiba peke yake: kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, na faili lisilo na programu ya kulifungua halimsaidii mkaguzi. Lijaribu kulifungua kwenye kompyuta nyingine wakati aliyeusimika mfumo bado yuko kazini.